UZI: Amana na siri kati ya kaya jirani Nyanda za Juu Kusini, tuweke taratibu zinazozuia lawama

#1 MkulimaUyole

Kamwene wakuu, na wa Tukuyu mwagonile.

Kila bei ya mahindi inapopanda, Desemba kwenda Januari, watu wanafungua ghala, na ndipo majirani waliozikana na kuozeshana miaka yote wanapoanza kupitana njiani bila salamu. Chanzo mara nyingi ni mahindi yaliyowekwa kwa jirani. Kaya moja haina stoo, au bati linavuja, au mwenyewe anahamia mjini kikazi, basi gunia kumi zinapelekwa kwa jirani mwenye nafasi. Baada ya miezi sita mnapima, kilo hazitimii. Neno "mwizi" halitamkwi, lakini kila mtu analisikia.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kilo hizo hakuzichukua mtu. Yalikuwa maji. Hesabu yake hii hapa:

Kilo za mwisho = kilo za mwanzo × (100 − unyevu wa mwanzo) ÷ (100 − unyevu wa mwisho).

Mahindi yakiingia stoo na unyevu wa asilimia 18 na kutoka na asilimia 13, kilo 100 zinakuwa 100 × 82 ÷ 87, yaani 94 na robo hivi. Gunia kumi zimepungua kilo 57. Hiyo ni zaidi ya nusu gunia, na mlango hakuna aliyeufungua.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhiana, pimeni unyevu mbele ya pande zote mbili. Asiye na kipimo cha umeme atumie chumvi: chukua chupa ya glasi kavu kabisa, jaza mahindi hadi theluthi, tia kijiko cha chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi kwenye turubai. Chumvi ikidondoka chini yote, yapo chini ya hapo. Kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki ni 13.5.

Sasa upande wa mifuko. Kiroba cha kawaida kinapitisha hewa, mahindi yanaendelea kukauka na kilo zinaendelea kushuka. Mfuko wa kinga njaa, ule wenye plastiki mbili ndani na kiroba nje, haupitishi hewa, kwa hiyo uzito wake haubadiliki. Hii ni faida kubwa kwa watu wanaowekeana amana: mfuko uliofungwa na kilo 100 ukifunguliwa na kilo 92, basi ama panya ametoboa ama mkono umeingia, na mnakagua mfuko badala ya kukagua tabia za mtu.

Namna ya kuufunga: jaza mfuko wa ndani huku ukiutikisatikisa ili mahindi yashuke, acha shingo ya kama sentimita 30, kamua hewa yote, sokota shingo, ikunje chini, funga kwa mpira wa baiskeli. Halafu wa pili vivyo hivyo, mwisho kiroba. Kati ya plastiki ya pili na kiroba weka karatasi yenye tarehe, kilo, namba ya mfuko na saini mbili. Karatasi hiyo huwezi kuifikia bila kufungua kiroba, na kiroba huwezi kukifunga tena kwa fundo lilelile kama aliyefunga ametumia kamba ya rangi yake. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta.

Onyo: mahindi mabichi usiyafunge humo. Yatachacha na kuota ukungu, na hasara ya namna hiyo haigawanyiki kati ya watu wawili kwa amani.

#2 Kipimo

Naunga mkono, ila naongezea jambo moja. Msipimane kwa debe. Debe la lita 20 lililofutwa kwa kijiti na debe lenye kilima juu yanatofautiana sana, na hata lililofutwa kilo zake zinabadilika kulingana na ukubwa wa punje na ukavu. Ukikabidhi madebe 60 yenye kilima na ukarudishiwa madebe 60 yaliyofutwa, kila mmoja ataapa kwa haki kabisa kwamba ametimiza. Tumieni mizani ya kuning'iniza, ileile mwanzo na mwisho, na mpime kiroba kitupu kwanza.

#3 Isyesye

Mkuu #1, vipi kuhusu dumuzi? Kuna kaya zinakataa kutunza mali za wenzao kwa hofu hiyo tu.

#4 MkulimaUyole

Swali zuri. Dumuzi, mdudu wa ghala ambaye wengi wanamwita Skania, anasaga punje kuwa unga. Kwenye kiroba cha kawaida mkimwona, msitupe unga. Chekecheni, kisha pimeni mahindi peke yake na unga peke yake. Jumla ya viwili ikikaribia uzito wa mwanzo ukitoa ule wa unyevu, hakuna aliyechota. Unga ukiwa kidogo na pengo ni kubwa, hapo ndipo pa kuulizana. Kosa la kawaida ni mtunzaji mwenye nia njema kufagia ule unga na kuwapa kuku kila wiki ili stoo ionekane safi. Anakuwa amefuta ushahidi wake mwenyewe.

Kwenye mfuko usiopitisha hewa wadudu wanakosa hewa na kufa, mradi msiufungue ovyo. Miezi miwili ya mwanzo uacheni kabisa.

#5 MtundaDaftari

Wakuu, nizungumzie karatasi, maana huku kwetu mtu akitaja maandishi anaonekana hamwamini mwenzake. Maandishi yanamlinda zaidi anayetunza. Mwenye mali akifariki, wanaokuja kudai ni wanae na shemeji zake ambao hawakuwepo siku ya kukabidhiana, na mtunzaji hana wa kumtetea.

Ukurasa mmoja unatosha: majina ya pande mbili kama yalivyo kwenye kitambulisho, tarehe, kitu chenyewe kwa kipimo (kilo, idadi, rangi ya ng'ombe na alama ya sikio), muda, nani anabeba hasara ya panya, moto au ugonjwa, mtunzaji anapata nini, na nani apewe kama mwenyewe hayupo. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika na ndicho kinacholeta kesi. Shahidi mmoja kila upande, asiwe mke wala mume wa mhusika. Nakala mbili, kila kaya yake.

Muhuri: balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, mfumo wake umetoka enzi za TANU. Anafaa sana kuwa shahidi kwa sababu anawajua wote, lakini si ofisi ya serikali. Mkitaka muhuri wa serikali ni kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Mwenyekiti wa kitongoji naye ni wa serikali ya kijiji. Usijaze sahihi tatu za chama ukadhani umesajili kitu.

Kwa ng'ombe wa kutunziwa andikeni pia tarehe aliyopandishwa. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache. Tarehe hiyo ikijulikana, hakuna ndama atakayezaliwa "usiku" na kupotea kwenye hesabu.

#6 Kinyungu

Kamwene. Naleta la ardhi, kwa sababu huku Kilolo, Mufindi na Njombe vinyungu, yaani vishamba vya mabondeni, vinaazimwa kila kiangazi kwa maneno matupu.

Anayeazima apande mazao ya msimu tu: maharage, mahindi ya kuchoma, kabichi, viazi. Asipande parachichi, asipande misindano wala mikaratusi. Miti ni alama ya umiliki machoni pa kijiji. Miche ya parachichi ikishazaa, anayeazima atasema ameiendeleza ardhi na atadai fidia, na wazee watamsikiliza.

Sheria ya ukomo inatoa miaka 12 kwa madai ya ardhi. Ndiyo maana watu wanatishana kwamba "nimelima miaka kumi na tano, ni changu." Si kweli kwa aliyekaribishwa. Mahakama zetu zimeshikilia muda mrefu kwamba mwalikwa hawi mwenye mali dhidi ya aliyemwalika, hata akae miaka mingi namna gani. Shida ni kuthibitisha kwamba alialikwa, hasa aliyemkaribisha akiwa kaburini. Dawa yake ni karatasi mpya kila msimu, hata mistari minne, na kitu cha shukrani kinachotajwa ndani yake, mfano debe moja la maharage. Akitoa shukrani kila mwaka na kusaini, anakiri kila mwaka kwamba shamba ni la mwenzake.

Lingine ni zito zaidi. Jirani akikufuata akasema, "Nikuuzie hiki kinyungu, lakini mama watoto asijue," usinunue. Ardhi ya kijiji haiuziwi kwenye kilabu cha ulanzi: halmashauri ya kijiji inatakiwa kuridhia, mashahidi wa mipaka wa pande zote nne waitwe, na mke au mume mwenye maslahi aridhie. Nyumba ya ndoa inalindwa na Sheria ya Ndoa ya 1971, mmoja hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Kununua kwa siri ni kununua ugomvi na familia utakayoishi nayo kwa miaka 40.

Mkikwama, Baraza la Ardhi la Kijiji ndilo la kwanza kusuluhisha. Lina wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Mkifika mkakuta wanaume wanne tu wamekaa, akidi haijatimia, kwa sababu akidi ya wanne lazima iwe na wanawake wawili. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, kazi yake ni upatanishi, halitoi tena hukumu ya nani mwenye shamba.

#7 MamaHesabu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nina la sanduku la kikundi, VICOBA na vikundi vingine vya kuweka akiba na kukopeshana, maana huko kaya jirani ndiko zinakofungamana zaidi na ndiko siri zinakovuja.

Sanduku lina kufuli tatu. Watu wanalijua hilo lakini hawajui sababu, ndiyo maana wanalivunja. Funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi, na mtunza sanduku hana ufunguo wowote. Ufunguo wa pili usiwe kwa mkwe wa mwenye ufunguo wa kwanza. Kwenye vitongoji vyetu unakuta watu 20 wa kikundi wanatoka koo tatu, basi chagueni koo tofauti na, ikiwezekana, pande tofauti za barabara. Funguo tatu zikikaa ndani ya uzio mmoja mna kufuli moja tu.

Makosa ninayoyaona yanajirudia:

Mwenye ufunguo anasafiri kwenda msibani Kyela, anamwachia jirani ufunguo "anishikie tu". Siku hiyohiyo utaratibu umekufa, hata kama pesa haijaguswa. Anayesafiri aukabidhi kwa mwanachama mwingine asiye kiongozi kwenye kikao, mbele ya watu, na iandikwe.

Sanduku linafunguliwa katikati ya wiki kwa sababu mtoto wa fulani anaumwa. Inauma kukataa, najua. Kwa dharura kama hizo tengeni mapema kiasi kidogo cha mfuko wa jamii nje ya sanduku, kikomo chake kiandikwe kwenye katiba, na mwenye kukishika asiwe mtunza sanduku. Sanduku lenyewe lisifunguliwe nje ya kikao.

Pesa zinahesabiwa kimya. Wahesabu wawili, wote wahesabu kwa sauti, na kabla ya kufunga mwenyekiti atamke salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii, wanachama wote wakariri. Kikao kijacho kinaanza kwa kuwauliza wanachama salio lilikuwa ngapi, ndipo sanduku lifunguliwe. Vichwa 20 vinavyokumbuka namba moja ni vigumu kudanganywa kuliko daftari.

Kwenye kitabu cha hisa, muhuri mmoja ni hisa moja, kati ya moja na tano kwa kikao. Nafasi zilizobaki zipigwe mstari papo hapo. Nafasi tupu ni mwaliko.

Mgawo ufanyike hadharani. Mfano: hisa zote 1,800 za shilingi 2,000, jumla 3,600,000. Siku ya mgawo mfuko una 4,140,000. Gawa kwa 1,800, kila hisa ni 2,300. Mwenye hisa 90 aliweka 180,000, anachukua 207,000. Kila mtu aweze kupiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye simu kabla pesa haijamfikia mkononi.

Kuhusu siri: salio ni la wanachama, si la mtaa. Wiki mbili kabla ya mgawo ndipo sanduku linakuwa nono, na ndipo wezi wanapolitafuta. Rejesho za mwisho zipangwe karibu na siku ya mgawo, ili fedha nyingi zisilale nyumbani kwa mtu, au ziende benki. Na mwanachama anayeomba mkopo wa matibabu aseme "matibabu", basi. Kikundi kinahitaji kujua kiasi, muda na namna ya kurejesha. Jina la ugonjwa si dhamana.

Vikundi hivi sasa vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kupitia halmashauri. Waoneni maafisa maendeleo ya jamii.

#8 NesiNyanda

Dada #7 umenigusa kwenye jina la ugonjwa. Niseme wazi, kwa sababu mikoa yetu ndiyo inayoongoza. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Maana yake karibu kila safu ya nyumba ina mtu anayemeza dawa, na karibu kila mtu huyo anaficha chupa.

Anayetaka jirani awe msaidizi wake wa tiba amchague mtu mmoja, si kaya. Ukimwambia mke, usidhani umemwambia mume, na wala usidhani hujamwambia. Muulize kabisa: "Hili unaweza kulibeba peke yako bila mwenzako?" Akisita, chagua mwingine. Kazi zake ni tatu tu: kujua saa ya kumeza, kujua tarehe ya kliniki, na kujua la kufanya ukilazwa. Hana haja ya kujua uliambukizwa vipi.

Dawa zikae ndani ya chupa yake. Watu wanazihamishia kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka au kwenye karatasi ili jirani asione jina. Ndani ya chupa kuna kipakiti cha kunyonya unyevu, na kwa ukungu wa Tukuyu au baridi ya Makete vidonge vilivyofunguliwa vinaharibika. Kinachosumbua ni mlio wa vidonge ukitikisa begi: zungushia chupa kitambaa kwa nje. Chupa tupu usitupe kwenye jalala la pamoja, watoto wanazichezea. Bandua karatasi, au irudishe kliniki. Aliyetulia kwenye tiba anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo omba hizo upunguze safari zinazowafanya watu wahesabu siku zako.

Na kwa jirani uliyeambiwa: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Kumtaja mwenzako kwenye kikao cha wakina mama kwa kisingizio cha "kumwombea" ni kumvua nguo. Muombee kwa jina lake tu, Mungu anajua mengine.

#9 DadaUstawi

Wakuu, uzi mzuri, lakini kuna siri moja ambayo lazima itajwe hapa, na naitaja bila kupepesa macho: mtoto kuumizwa au kubakwa ndani ya kaya zinazoaminiana. Ukaribu wenyewe ndio unaompa mkosaji mlango. Halafu wazee wanakaa, ng'ombe mmoja au laki tano inatoka, na mnaambiwa "tumeyamaliza kifamilia".

Hayaishi namna hiyo. Ni jinai, na hakuna familia wala ukoo wenye mamlaka ya kuifuta. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto imevunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Jirani uliyesikia kilio usiku nawe umo.

Hatua zenyewe: mtoto apelekwe hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi ndani ya muda huo, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Asiogeshwe. Nguo alizovaa zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au khanga safi. Mfuko wa plastiki usitumike, unyevu utaozesha ushahidi. Fomu ya polisi namba 3, PF3, inatakiwa kwa ajili ya kesi, lakini matibabu yasisubiri fomu. Kituo cha polisi ulizia dawati la jinsia na watoto. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure.

Mtoto aulizwe mara moja na mtu mmoja aliyetulia. Kila shangazi akimhoji upya, maelezo yanabadilika, na upande wa pili utayatumia mahakamani.

#10 Isyesye

Ndaga fijo (asante sana) dada. Hili libandikwe juu kabisa ya uzi.

#11 MgeniMafinga

Naomba msaada wa jambo dogo. Familia inasafiri wiki tatu, jirani ataachiwa ufunguo alishe kuku. Utaratibu ni upi?

#12 MtundaDaftari

Mwachie ufunguo wa geti na banda. Wa nyumba ubaki nao, ila kama kuna mita ya LUKU ndani inayohitaji kuingizwa umeme, hapo mpe wa mlango huo mmoja na ufunge vyumba. Tembeeni pamoja kabla ya safari: hesabuni kuku kwa sauti, piga picha ya kila chumba, soma mita ya maji na ya umeme muandike. Pumba pima kwa siku: kuku wakubwa 20 wanakula kama kilo 2 na nusu, kwa wiki tatu ni kilo 52 hivi, acha kilo 60. Ukiacha pungufu atanunua kwa pesa yake na ataona haya kukudai. Mayai kubalianeni mapema kwamba ni yake yote. Kuku akifa, asimtupe wala asimle, amfukie na akutumie picha siku hiyohiyo, maana kideri kikiingia utahitaji kujua tarehe alipokufa wa kwanza.

Nambari ya siri ya simu usimwachie, hata kama ni kwa ajili ya kununua umeme. Mtumie tokeni kwa ujumbe.

#13 MgeniMafinga

Nimeelewa. Na ufunguo wenyewe akiurudisha?

#14 MtundaDaftari

Mhesabu kuku tena pamoja, msome mita, ndipo upokee ufunguo. Ukiona anataka kukukabidhi getini kwa haraka, mkaribishe ndani kwanza.